Wenye Keila

Yusto, katekista wa kigango cha Mlenje, alikuwa amefundisha habari za Daudi miaka mingi bila kujikwaa. Alikuja kujikwaa pale kamati ya kutafsiri masomo kwa Kifipa ilipompa sehemu inayohusu mji wa Keila. Akapanda baiskeli, akakata upepo wa Ufipa hadi Kaengesa kumwona Sista Edith, mtawa aliyesoma Kiebrania na kurudi kufundisha misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, katekista. Leo umekwama wapi?"

"Hapa. Daudi anawaokoa watu wa Keila, Wafilisti walikuwa wanawaibia nafaka. Halafu Sauli anamtafuta amuue, na Daudi anamuuliza Mungu: watu wa Keila watanitoa kwa Sauli? Mungu anasema watakutoa. Sasa mzee mmoja wa kamati anadai 'watu' wa kwanza na 'watu' wa pili si neno moja."

Sista akafungua Biblia yake ya Kiebrania, akapitisha kidole toka kulia kwenda kushoto.

"Mzee wenu yuko sawa. Pale wanapookolewa wanaitwa yoshvei Keila. Neno hilo linatokana na kukaa. Ni kama kwetu: mtu anakaa kwenye kigoda, na mtu anakaa Sumbawanga, kitenzi kimoja. Hao ni wakaaji. Lakini pale Daudi anapouliza kama watamtoa, wanaitwa baalei Keila."

"Baali? Kama yule mungu wa uongo?"

"Neno ni lile lile, ila maana yake ya kawaida ni mwenye. Mwenye ng'ombe ni baali wa ng'ombe. Mume naye ni baali wa nyumba yake. Baalei Keila ni wenye Keila, wale ambao mji ni wao na neno lao ndilo linalosimama. Wataalamu wengine husema walikuwa wakubwa wa mji tu, wengine husema ni raia wote. Mimi sina uhakika."

Mwenyeji, Yusto alijiambia, si ndiye mwenye mji? Na kwa Kifipa mwene ni mtawala, aliyekalia kiti cha Ufipa tangu enzi za mababu. Lugha iliyozaliwa ng'ambo ya majangwa ilikuwa imelishika jambo hili mahali pale pale walipolishika bibi zake.

"Kwa hiyo, Sista, wakipokea msaada ni wakaaji. Wakitakiwa kuamua, ni wenye."

"Mwandishi hakutuambia kama alikusudia hivyo," Sista akasema taratibu. "Lakini ndivyo maneno yalivyokaa. Na mimi kila nikiyasoma naogopa."

Yusto alirudi huku mawingu yakimfukuzia. Mvua ilimkuta njiani, na radi ikapasuka upande wa Mlenje kwa kishindo kilichomshusha kwenye baiskeli. Alipofika kijijini aliwakuta watu wamesimama kwenye zizi la jirani yake Polikarp. Maksai wake wote wa kulimia walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi, mvua ikiwanyeshea.

Wiki haikuisha kabla jina la Asnath halijaanza kunong'onwa.

Asnath alikuwa mwanamke wa Wampembe, kijiji cha ufukweni, mjane, aliyepanda kutoka ziwani kuuza dagaa na mwishowe akajenga Mlenje. Mwaka wa kuhara, watoto walipokuwa wanakauka kama majani ya maharage, ni yeye aliyewafundisha akina mama kuchemsha maji na kuchanganya chumvi na sukari. Aliifunga chemchemi kwa miiba na kusimama mbele yake na fimbo mpaka vyoo vikachimbwa mbali nayo. Nyumba nyingi zilikuwa na mtoto aliyenyweshwa na mikono yake. Mjukuu wa Polikarp alikuwa mmoja wao. Lakini hofu ya radi haina kumbukumbu. Marselino, mdogo wake Polikarp anayeishi Milanzi mjini, alikuwa amekwenda kwa mganga, na mganga akamwambia radi ile ilitumwa na mwanamke aliyetoka ziwani.

Siku moja, saa za alasiri, Asnath alimwita Yusto uani kwake, penye matuta ya maharage machanga. Mizigo ilikuwa imefungwa.

"Kaka Yusto, nimesikia Marselino anakuja na vijana wa pikipiki. Wanataka kijiji kiwakabidhi mimi. Nikuulize, unijibu kama mtu wa Mungu. Nikikaa, watanitoa?"

Lilikuwa swali lile lile la Daudi, limetoka kinywani mwa mwanamke aliyevaa kandambili, na hapa hapakuwa na Biblia ya kufunika.

"Sijui, dada."

"Basi niende. Mimi hapa si mwenyeji."

Neno lilimchoma. Daudi naye aliondoka, na kwa sababu aliondoka, wenye Keila hawakuulizwa kamwe. Yusto hakuwa amewahi kuliona hilo. Mungu alisema watamtoa, lakini siku ya kumtoa haikufika, na hakuna ajuaye wangefanya nini wangemtazama usoni.

"Ngoja ndani kidogo," akasema. "Acha kwanza waulizwe."

Akakimbia kanisani, akaipiga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele. Watu wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Aliwaongoza hadi uani kwa Asnath, akasimama mbele yao. Hotuba aliyoikusudia ikamtoroka.

"Wanakuja kumchukua," akasema. "Mimi siwezi kuwajibia. Mji huu si wangu peke yangu. Mnamtoa, au hammtoi?"

Watu walitazama vidole vyao vya miguu. Kutoka barabarani ulisikika mlio wa pikipiki.

Ndipo bibi Justina, ambaye magoti yake yalikuwa yamemzuia hata kwenda misa, akapita katikati yao na fimbo yake. Akafika mlangoni kwa Asnath, akajishusha pole pole, akaketi chini kwenye udongo uliolowa. Akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

Mama mmoja akamfuata, mtoto mgongoni. Akaketi. Kisha mwingine, kisha mume wake. Yusto aliwatazama wakishuka mmoja mmoja, ua ukijaa mpaka uzioni. Alikuwa amesali katika kanisa kuu mjini, akawaona maaskofu katika mavazi yao, wala hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa sasa, mbele ya majirani zake walioketi kwenye matope. Akaketi naye.

Pikipiki zikafika, zikazimwa. Marselino akashuka na vijana wake, akatazama ua, akakosa pa kukanyaga.

"Shikamooni, wazee. Hatuna ugomvi nanyi. Tunamtaka mchawi tu."

"Marahaba," akasema bibi Justina. Hakuondoka.

Polikarp alikuwa amesimama kando, chini ya ukingo wa paa, mikono nyuma. Marselino akamgeukia. "Kaka, waambie watupishe. Ng'ombe walikuwa wako. Wewe ndiye uliyeumia."

Uso wa Polikarp ulikuwa umechoka.

"Ni kweli, ng'ombe walikuwa wangu," akasema. "Nimewalilia. Na hapa pia ni pangu, Marselino. Huyu mama alimnywesha mjukuu wangu Lucia kijiko kwa kijiko hadi asubuhi, sisi tukiwa tumeshamtafutia sanda. Rudi mjini, mdogo wangu. Shemeji yako atakufungia unga wa ulezi."

Akavua kofia, akaenda kuketi kando ya bibi Justina.

Wale vijana walianza kutazamana. Mmoja akasema, "Mshikaji, twende zetu," akawasha pikipiki. Marselino alibaki peke yake kidogo, kisha naye akaondoka, taratibu, bila kugeuka nyuma, na bila ule unga.

Hata mlio ulipopotea, watu hawakuinuka. Ni kama hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulivunja jambo lile. Asnath alitoka ndani, kitenge kimemkaa vibaya kichwani, akasimama akiwatazama. Machozi yalimshuka, lakini sauti yake ilikuwa kali.

"Mmekalia maharage yangu yote."

Bibi Justina akaangua kicheko, na ua mzima ukacheka, na Polikarp akasema watayapanda upya kesho, kwa jembe la mkono, kwa kuwa hata yeye sasa hana lingine.