Sentimita Sita za Beki Alma

Kasiani alimpunguza binti yake sentimita sita siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa barua pepe, akiwa ndani ya gari la kazi nje ya duka la samaki. Ungemuuliza saa hiyohiyo, angekuapia kwamba ametenda wema.

Tumwelewe kwanza kabla hatujamlaumu, maana wa kumlaumu watakuja wenyewe. Kasiani ni mkaguzi wa mizani. Alitoka Rombo akiwa kijana, akaja Stockholm kwa mafunzo ya miezi tisa, na miezi hiyo tisa sasa ina miaka ishirini na saba. Kazi yake ni kuzunguka mji na sanduku la mawe ya chuma, akiipima mizani ya watu wengine: ya wauza samaki, ya masonara, ya kliniki za watoto wachanga. Mizani ikidanganya gramu mbili, yeye usingizi humpaa. Mkewe Dafrosa hupenda kusema kwamba alichumbiwa kwa rula.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefungua tovuti ya klabu ya magongo ya barafuni anakochezea binti yake, akasoma: Alma, beki, miaka ishirini, sentimita 171. Mia moja sabini na moja! Yeye mwenyewe alimpima mwezi wa nne, siku ya kuzaliwa kwake, kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kwao Spånga, bila viatu, visigino vimegusa mbao, akapata 165 kamili. Akaona klabu imepitiwa. Akawaandikia kwa adabu, kwa Kiswidi kilichonyooka, kwamba pana kosa dogo, urefu sahihi ni huu, na wakihitaji yuko tayari kuja kupima tena mbele ya mashahidi. Katibu wa klabu alishukuru. Kufikia saa sita mchana tovuti ilikuwa imesharekebishwa.

Jioni Alma aliingia na begi lake la vifaa, akalibwaga sebuleni likatikisa vikombe kabatini.

"Pappa, vad har du gjort?" Huyu mtoto hujibu kwa Kiswidi hata umsalimie kwa Kiswahili, lakini siku hiyo alibadilisha katikati, asije mtu akajifanya hakuelewa. "Umefanya nini, baba? Nani alikutuma?"

"Walikuwa wamekosea, mwanangu."

"Hawakukosea! Mimi ndiye niliyewaambia 171. Kila mtu anaongeza. Ligi nzima inaongeza!"

Hapo ndipo Kasiani alipoelezwa mambo ambayo baba mwingine angekuwa ameyauliza mapema. Klabu ilikuwa imebakiwa na mkataba mmoja wa beki katika ligi kuu ya wanawake. Mmoja tu. Ukiupata, unaacha kupakia maboksi ghalani alfajiri, unakuwa mchezaji wa kulipwa. Waliokuwa wakiuwania ni wawili: Alma, na msichana wa kaskazini aitwaye Veronica, ambaye tovuti ilimpa sentimita 182. Kocha, mwanamke aitwaye Hanna, angeamua Jumamosi baada ya mechi ya kirafiki. Na katika ligi ile kugongana kunaruhusiwa, na beki ndiye anayesimama mbele ya goli na kwenye kona, palepale watu wanapogongwa.

Dafrosa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Baba Alma, kitumbua cha mtoto umekitia mchanga. Kwa mkono wako mwenyewe."

Kasiani aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Lakini palikuwa na swali lililomkaa kooni, naye si mtu wa kumeza swali. "Lakini hizo sentimita hasa zina kazi gani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua. "Beki mrefu anafanya nini ambacho mfupi hawezi? Nani amepima?"

Alma akaenda chumbani, akaubamiza mlango.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya ya Kiswahili parokiani, Kasiani alilitoa swali lake hadharani. Glody, mtu wa Lubumbashi mwenye sauti ya nne ya kutikisa madirisha, hakufikiri hata kidogo. "Papa Kasiani, beki ni ukuta, voilà. Mutoto yako iko mudogo. Unaweza kujenga ukuta na tofali moja?"

"Wacha hiyo, Glody," akadakia Kipchumba, wa Eldoret, anayeimba sauti ya tatu. "Kwetu mtu mwembamba ndiye anakimbia. Huyo mnene tunamwacha achunge lango."

Ikawa vuta nikuvute, nusu ya kwaya huku, nusu kule, mpaka mwalimu akagonga meza. Kasiani alirudi nyumbani na maoni kumi na saba na namba sifuri. Dafrosa akampoza kwa methali, "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi." Kasiani akasema hata hiyo hakuna aliyewahi kuihakikisha. Dafrosa akamgeuzia mgongo.

Jumamosi mchana alikwenda uwanjani na daftari, kalamu mbili, chupa ya chai na saa ya kupimia mbio. Alikaa juu, nyuma ya goli. Kurasa mbili aliziandaa, moja ya Alma, moja ya Veronica, maana wote wawili walichezeshwa timu moja dhidi ya wageni. Kila paki, kile kisahani cheusi cha mpira, ilipotupwa kwenye kona au mbele ya goli lao, aliandika mambo mawili tu. Kwanza, nani alifika mwanzo: W, amewahi, C, amechelewa. Pili, nani aliondoka nayo.

Kipindi cha kwanza kilimshangaza. Alma, kabla paki haijafika, alikuwa anageuza kichwa mara mbili kuangalia nyuma yake, begani huku, begani kule. Akiifikia, haisimamii. Mpinzani akija na uzito wake wote, Alma anajikunja na kupita, na yule mkubwa anaugonga ubao wa ukingo wa uwanja peke yake, puu! Mbele ya goli hakusukumana na mtu. Alingoja pasi ije, akaliinua gongo la mpinzani kidogo tu kutoka chini, kiasi cha mtu kuinua kifuniko cha sufuria aone kama wali umeiva, na paki ikapita bila mwenyewe.

Veronica alikuwa na mambo yake. Alichelewa mara nyingi, lakini akifika anauegemeza mwili, anaunyoosha mkono mrefu, na paki inatoka.

Mwisho wa kipindi cha pili Kasiani alifanya hesabu. Alma alikuwa ameingia mapambano kumi na tisa, akawahi kumi na tano, na kati ya hayo akashinda kumi na manne. Yale manne aliyochelewa, alipoteza yote. Veronica aliingia ishirini, akawahi manane, akayashinda yote manane. Yale kumi na mawili aliyochelewa, alishinda saba.

Kasiani aliziangalia namba hizo mpaka chai ikapoa. Aliyewahi hakuulizwa kimo chake, mkubwa na mdogo walikuwa sawasawa. Tofauti yote ilikuwa kwa waliochelewa. Ukubwa, aliona, ni akiba: mwenye nayo akikosea hatua moja, ana cha kula, asiye nayo hana. Hakuna aliyemwambia hivyo, si Glody wala Kipchumba. Alifurahi jinsi anavyofurahi mtu aliyegundua kitu kwa macho yake mwenyewe, akatamani mechi iishie pale.

Haikuishia pale. Kipindi cha tatu, kwenye ukurasa mpya, Alma aliingia mapambano kumi na moja, akawahi matatu. Miguu ilikuwa imekwisha. Alikuwa bado anageuza kichwa, bado anaona kila kitu, ila anafika nusu sekunde nyuma, na nusu sekunde hiyo ilikuwa na mtu ndani yake. Mara ya saba mshambuliaji mmoja mpana alimbana kwenye ubao, Alma akateleza mpaka chini, paki ikavutwa, goli. Kasiani aliandika C. Wageni walishinda tatu kwa mbili.

Kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo alisubiri akiwa na daftari kifuani. Hanna, mwanamke mrefu aliyewahi kuwa beki mwenyewe, alimjia moja kwa moja. Walizungumza Kiswidi.

"Wewe ndiye mwenye barua ya sentimita?" Hanna alicheka. "Miaka kumi na miwili ya ukocha, na wewe ni mzazi wa kwanza kumfupisha mtoto wake. Wote wanaongeza, na mimi kila mmoja nampunguzia sita kichwani mwangu. Alma nilikuwa nimeshampunguzia."

Kasiani alishusha pumzi. Mizani inayokosea kiasi kilekile kila siku haina ubaya, mradi anayeisoma ajue cha kutoa. Kumbe barua yake haikuharibu kitu.

"Lakini nikwambie ukweli," Hanna aliendelea, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Nimeamua kumchukua Veronica. Alma ana akili kuliko mabeki wangu wote, ila ni mdogo mno. Kipindi cha tatu umekiona mwenyewe." Kisha macho yake yakaangukia daftari. "Ulikuwa unaandika nini kule juu?"

Mlango ulifunguka, Alma akatoka, nywele zimelowa, begi begani. Usoni mwake ilionekana wazi kwamba amesikia.

Hapo Kasiani alibanwa. Daftari lingeweza kumwokoa mtoto, na lingeweza kummaliza, kwa kuwa ukurasa wa tatu ulikuwa na C nane zilizopangana. Hanna alikuwa amenyoosha mkono. Ndipo alipokumbuka kitu anachokifanya kila siku ya kazi bila kukifikiria: ukishapima mizani, matokeo humsomei jirani wala mteja aliyesimama kwenye foleni. Unamsomea kwanza mwenye mizani. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuikiuka kanuni hiyo dukani mwa mtu yeyote, akaja kuikiuka nyumbani kwake.

"Samahani," alimwambia Hanna. "Haya yana mwenyewe." Akamgeukia Alma, akamwekea daftari mkononi, akasema kwa Kiswahili, "Mwanangu, Jumanne kipimo kilikuwa sahihi, lakini nilimpa mtu mwingine kabla yako. Lilikuwa kosa, nisamehe. Hiki ni chako. Soma. Ukitaka, kichane."

Alma alisoma akiwa amesimama. "W ni nini?"

"Umewahi."

"Na hizi C?"

"Umechelewa."

Alifunua ukurasa wa tatu, akauma mdomo. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Kisha Alma akampa kocha daftari, na hakumpa ukurasa ule mzuri wa mwanzo. Alimpa ule wa C nane.

"Tazama hapa," alisema kwa Kiswidi. "Sikupigwa kwa sababu ni mdogo. Nilipigwa kwa sababu nilichelewa. Nilipokuwa nawahi, walikuwa wakubwa vilevile."

Hanna alisoma, akafunua nyuma, akauliza kuwahi maana yake nini hasa, gongo kugusa paki au mwili kufika. Kasiani akamweleza kwa utulivu uleule anaomweleza nao muuza samaki. Mwishowe Hanna akasema, kama anajisemea, "Urefu siwezi kumfundisha mtu. Pumzi naweza." Akaingia ofisini na daftari, akafunga mlango.

Walikaa kwenye benchi la korido, katika harufu ya glovu zilizolowa, dakika ishirini nzima.

Hanna alitoka na karatasi. "Mpaka Krismasi," alimwambia Alma. "Nusu msimu. Kipindi chako cha tatu kikibaki hivi, Januari nampigia simu Veronica, na sitaomba radhi. Na leo Veronica nitamwambia mimi mwenyewe."

Alma alisema asante mara tatu, ya tatu bila sauti. Kocha alipoondoka alikaa chini tena, karatasi magotini.

"Baba, tangu lini unauelewa mchezo huu?"

"Tangu saa nane ya leo."

"Lakini umekuja miaka kumi na moja. Kila mechi."

Kasiani aliutazama mlango uliofungwa. Aliona si haki kupima wengine siku nzima halafu yeye ajifiche. "Nilikuwa nakuja," alisema. "Lakini kila wakikuendea nilikuwa nafumba macho. Nafumbua nikisikia watu wamepiga kelele. Naogopa, mwanangu. Leo nisingeweza kufumba, ningepoteza hesabu."

"Kwa hiyo hujawahi kuniona nikicheza."

"Sijawahi."

"Na leo umeona nini?"

Daftari lilibaki kwa kocha, hakuwa na pa kusomea. "Wakikuangusha," alisema Kasiani, "unainuka kabla aliyekuangusha hajageuka. Hilo sikuliandika, sikuliwekea safu. Lakini niliangalia, na kila mara uliinuka."