Kuta za Ngurumia

Ngurumia ulikuwa mji wa wapika mikate na washonaji, umeuzunguka mlima wenye hospitali, hadi Mtukufu Kivumo, mtawala mwenye sauti kubwa na masikio mazito, alipoamuru barabara zake ziwe uwanja wa mbio za magari. Mwaka wa kwanza zilifungwa kamba tu, na watu wakashangilia. Mwaka uliofuata zikaja kuta za zege zilizoukaba mji wa chini kooni. Mbio zikaisha, kuta zikabaki. Soko likavunjwa ili kona isiyapunguzie magari mwendo. Waheshimiwa wakanenepa jukwaani, wakipeperusha bendera, huku vumbi la matairi likitua kwenye vyungu vya watu.

Siku moja ya mbio, Nambua, mpika mikate, alimsukuma bintiye Tausi kwa mkokoteni hadi kwenye lango la kuvukia kwenda hospitali. Tausi alikuwa na uchungu wa kuzaa, na damu ilikuwa imeanza kutoka.

"Fungua, baba, mwanangu anakufa," Nambua alimwambia askari.

"Magari yanapita, mama. Sina ruhusa."

"Iombe basi!"

Askari alipiga simu jukwaani. Aliposikia jibu, aliinamisha uso.

"Mtukufu anasema raia mwema hazai siku ya mbio."

Tausi alifia pale ukutani, na mtoto tumboni mwake. Nambua alilia kwa sauti yake yote, lakini injini ziliimeza, na upande wa pili watu walikuwa wakipiga makofi.

Hakumsamehe Kivumo wala watu wake. Kwa mwaka mzima alizunguka mlango kwa mlango, akiuza mikate na kusema na wanawake.

Mbio zilizofuata zilipomalizika, Kivumo mwenyewe alishika usukani, mawaziri wakamfuata kwa magari yao, wazunguke mji kwa heshima. Walipoipita njia pekee ya magari kutokea nje ya kuta, wanawake wakafika na mawe, saruji na maji, wakaiziba. Walijenga haraka, kwa hasira, bila kuimba. Askari yule wa lango aliwatazama, akavua kofia, akaanza kuwapokeza mawe.

Kivumo alirudi akipunga mkono. Hakuiona njia, akadhani ameikosa, akazunguka tena. Safari iliyofuata alipiga honi. Baadaye hakuna aliyehesabu mizunguko.

"Mafuta yatawaishia," mwanamke mmoja alinong'ona. "Halafu?"

Nambua alifuta saruji viganjani, akaegemea ukuta uliokuwa bado mbichi, akasikiliza ngurumo ikija.