Rangi ya Majani

Kwa miaka sita mfululizo daktari wa meno alishika nafasi ya pili. Si ya tatu, si ya tano. Ya pili, ile ya kupigiwa makofi huku watu wakimtazama mwingine. Na aliyempiku kila mwaka ni mwenyekiti wa chama chenyewe, ambaye pia ndiye aliyekuwa jaji mkuu, jambo ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kuliona lina kasoro.

Chama kilikuwa cha wapenzi wa magari ya vita. Usiogope, si yale ya kweli. Ni vigari vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi, vifaru na malori na deraya, kila kimoja kikiwa kidogo mara thelathini na tano kuliko lile gari lenyewe. Watu wazima, wenye wake na shinikizo la damu, walikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kubishana kama tangi la mafuta lilikuwa na kutu upande wa kushoto au wa kulia. Mwenyekiti waliyemwita Brigedia alikuwa muuza magodoro. Hakuwahi kushika bunduki hata ya maji, lakini ukimsikia akisema "tulipovuka mto," ungeinuka umpishe kiti.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa rangi. Katika vita vya mpakani, miaka arobaini na moja nyuma, malori kumi na mawili ya kikosi cha pili yalivuka mto na yakarudi yote kumi na mawili, bila hata moja kupigwa. Amri iliyotolewa kabla ya safari ilikuwepo. Nakala yake ilitundikwa ukumbini mwa chama ndani ya fremu: *Magari yote yapakwe rangi ya majani.* Basi ni kijani, imekwisha. Imekwisha wapi! Kijani kipi? Brigedia alitunga mwongozo wenye aina kumi na nne za kijani, akathibitisha kwa picha tatu za wakati ule kwamba malori yalikuwa Kijani Namba Saba. Picha zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe. "Jicho lililozoea linaona," alisema. Mashemeji wawili waliotofautiana kati ya Namba Saba na Namba Nane hawaamkiani mpaka leo, na mmoja kamwoa dada wa mwenzake.

Sasa mwaka huo lilikuja jambo jipya. Jumba la makumbusho liliahidi kabati la kioo, lenye taa na kibao cha shaba, kwa mshindi wa lori la kikosi cha pili. Daktari alikitaka kile kibao. Alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu siku alipopeleka posa. Akajifungia miezi mitano katika chumba cha nyuma, akipaka lori lake kwa vifaa vya kazini: kioo cha kutazamia magego, koleo ndogo, sindano butu za kutilia rangi kwenye mikunjo ya turubai. Wagonjwa waliotobolewa meno miezi hiyo walisema daktari amekuwa mpole mno, anapuliza kila anapomaliza.

Lori likakamilika. Kijani Namba Saba, tabaka tatu, na vumbi la kweli lililochekechwa kwa soksi ya mkewe. Asubuhi ya Jumapili, wiki moja kabla ya mashindano, alilitoa na kuliweka juu ya meza ya chakula ili familia ilione.

Mama mkwe wake alikuwa anaishi nao tangu apasuliwe goti. Alikuja na mkongojo wake, akainama, akavaa miwani, akatazama. Kisha akaangua kicheko.

"Hili ndilo lori la kikosi cha pili?"

"Ndilo lenyewe, mama."

"Mbona la kijani?"

Daktari akatabasamu kwa adabu. Mkwe ni mkwe. "Yalikuwa ya kijani, mama."

"Ya kijani nani kakwambia? Yalikuwa ya kahawia, baba. Rangi ya chai iliyokolea. Mimi ndiye niliyetoa madebe."

Mkewe akaacha kupaka siagi kwenye mkate. Hata yeye, mtoto wa kumzaa, hakuwahi kulisikia hilo. Alijua mama yake aliwahi kutunza stoo katika karakana ya jeshi, basi. Mama mkwe akavuta kiti, akaketi, akasimulia kama anayesimulia habari za jirani.

Amri ilimfikia asubuhi, karatasi moja, mstari mmoja. Rangi ya majani. Stoo ilikuwa na madebe ya kijani na madebe ya kahawia. "Nikajiuliza, majani gani? Maana kwetu jikoni ukisema majani, leta majani, majani yamekwisha, ni ya chai hayo! Nani anasema leta majani akaletewa nyasi? Nikaona nisijifanye mjuaji, nikaenda kwa kapteni. Nikamwuliza, afande, majani yepi? Akanijibu, 'Haya hapa, huyaoni?' akainua mkono."

"Akaonyesha nini?"

"Ndiyo hapo sasa. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha nyasi tele za bustani, mbichi kwa kumwagiliwa. Lakini mkononi, baba, mkononi alikuwa na kikombe cha chai. Chai ya rangi! Rangi ya majani, chai ya rangi, wewe ungefanyaje?"

Mkewe daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Daktari hakucheka. Alikuwa anaitazama miezi yake mitano pale mezani, na kabati la kioo likimponyoka, na ndipo mdomo ukamponyoka pia.

"Una ushahidi, mama?"

Salaale! Kumwuliza mama mkwe, mwenye mvi zake, chini ya paa unalokaa naye, kama ana ushahidi! Mkewe alimtupia jicho ambalo lingeweza kung'oa gego bila ganzi. Bibi aliinuka. Alichukua mkongojo wake akaenda chumbani, na kwa siku mbili alimwitikia salamu tu, tena kwa heshima kubwa, heshima ile inayochoma.

Siku ya tatu daktari aliporudi kutoka kazini alikuta karatasi ya manjano imelazwa kando ya lori. Ilikuwa barua ya mkwewe ya kufukuzwa kazi. Mihuri miwili, saini ya kapteni, na sababu: *kwa kutoa rangi isiyo sahihi kwa magari kumi na mawili ya kikosi cha pili.*

Akaisoma mara tatu. Akaenda kubisha mlangoni kwa mkwewe, akabaki amesimama kizingitini.

"Nisamehe, mama. Nimekukosea."

"Umenikosea, kweli." Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso. "Unajua kilichofuata? Ilikuwa kiangazi. Ng'ambo ya mto nyasi zote zimekauka, nchi nzima ni kahawia. Wakapita kama hawapo. Wakarudi wote, madereva wakaja kunibeba juujuu, wakaniita Mama Majani. Wiki hiyohiyo akaja mkaguzi, akaona rangi, nikapewa hiyo barua. Malori yakapakwa kijani kwa ajili ya gwaride, na watu waliokuja kwenye gwaride wakasema yalikuwa ya kijani. Miaka arobaini na moja, baba. Nikisema, watu wanacheka. Nikaacha kusema. Nataka siku moja tu mtu mwingine aseme yalikuwa ya kahawia, si mimi peke yangu kama mwendawazimu."

Sauti yake ilikatika hapo. Daktari alirudi chumba cha nyuma, akachukua tina ya kuyeyushia rangi, akaifuta miezi yake mitano kwa pamba, na kwa siku tatu zilizobaki akalipaka lori upya. Rangi aliichanganya mwenyewe, kikombe cha chai ya mkwewe kikiwa mezani kwa kulinganisha. Kilipopoa alipikiwa kingine.

Jumapili ya mashindano ukumbi ulijaa. Malori kumi na moja ya kijani yalipangwa kwenye kitambaa cheupe, na moja la kahawia. Watu walilizunguka wakinong'ona kama waombolezaji. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, kavaa nguo yake nzuri, mkoba mapajani.

Brigedia alifika na lenzi yake shingoni. Akaliinamia lori la daktari kwa muda mrefu. Ukweli usemwe, mtu yule alikuwa mjuzi wa kazi ya mkono, na uso wake ulionyesha kwamba hajapata kuona turubai lililokunjwa vile, wala matope yaliyokauka vile kwenye chapa za matairi.

"Kazi ya ajabu," alisema. "Sasa daktari, ndugu yangu, kimekusibu nini?"

Daktari akaeleza yote, kuanzia stoo hadi kikombe. Akamtambulisha mkwewe. Akatoa barua.

Brigedia akaisoma kwa lenzi. Akampa katibu, mpimaji ardhi mstaafu aliyeandika kila kitu, hata kikohozi cha wajumbe. Wakavutana pembeni. Waliporudi, Brigedia alimgeukia bibi kwanza, kwa sauti ya kumliwaza mtoto.

"Mama, tunakuheshimu sana. Lakini kumbukumbu za mtu ni kitu kimoja, na historia ni kitu kingine."

"Mwanangu, mimi nilikuwepo."

"Ndiyo tatizo lenyewe, mama. Aliyekuwepo anaona kwa karibu mno. Sisi tunatazama kwa utafiti."

"Sawa." Bibi akasogea mbele kidogo kitini. "Basi nijibuni swali moja tu, ninyi wenye utafiti. Kama magari yalikuwa ya kijani, mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa gani?"

Wale mashemeji wawili wasioamkiana walitazamana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Katibu akakuna kichwa kwa kalamu. Daktari akahisi tumaini linampanda kifuani, akajua sasa wamebanwa, hawana pa kutokea.

Lo, hakuwajua! Brigedia aliinyanyua barua juu watu wote waione.

"Mama amesema vyema, na barua hii ni halali, sina ubishi nayo. Inasema nini? Inasema *rangi isiyo sahihi*. Jeshi lenyewe, kwa muhuri wake, limethibitisha kwamba kahawia haikuwa sahihi. Na sisi hapa, ndugu wajumbe, tunashindania nini?"

"Usahihi!" wakaitikia.

"Basi."

Makofi yakapigwa. Ungedhani ameukomboa mji. Hata wale wa Kijani Namba Nane walipiga.

Brigedia hakuwa mtu mbaya, hilo nalo tuliseme. Alimvuta daktari kando ya meza, akatoa mfukoni kopo dogo la Kijani Namba Saba na brashi mpya. Akanong'ona, lakini ukumbi ule ulikuwa na masikio. "Sikiliza. Kazi yako inashinda zote, na yangu ikiwemo. Nakupa nusu saa. Pitisha tabaka moja tu juu, kibao cha shaba ni chako. Mimi mwenyewe nitatia saini."

Daktari akalipokea kopo. Mwone mtu huyu: miaka sita ya nafasi ya pili, na sasa kabati limefunguliwa, taa inawaka, jina lake linasubiri kuchongwa. Nusu saa tu. Alifungua kifuniko. Akageuka kumtazama mkwewe.

Bibi alikuwa ameshaona kila kitu. Alikuwa anaikunja barua yake, anairudisha mkobani polepole kwenye mikunjo ileile.

"Paka tu, baba," alisema. "Usipoteze bahati yako kwa ajili yangu. Mimi nimeshazoea."

Hakulisema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililommaliza daktari. Macho yakamjaa maji mbele ya wanachama wote. Akafunika kopo, akakibana kifuniko kwa kidole gumba mpaka kikalia, akamrudishia Brigedia.

"Sipaki. Yalikuwa ya kahawia."

"Daktari, fikiri kidogo."

"Nimefikiri. Yalikuwa ya kahawia yote kumi na mawili, na aliyeyatoa madebe ni huyu mama hapa."

Brigedia akashusha pumzi, akakunja uso wa kazi. "Katibu, andika. Lori la daktari limeondolewa mashindanoni."

"Na mwenye lori?" Katibu alikuwa ameinua kalamu. "Kifungu cha tisa kinasema anayekataa marekebisho mbele ya wajumbe..."

"Anatolewa chamani. Najua, nimekiandika mimi. Andika."

"Sababu niweke ipi?"

Brigedia akafikiri. "Weka, kwa kutumia rangi isiyo sahihi."

Kicheko kilitoka kiti cha mbele. Bibi alicheka mpaka mkoba ukaanguka sakafuni, akacheka hadi akashika goti lililopasuliwa, na katikati ya kicheko kile machozi yakaanza kumtiririka, akayaacha. Daktari alipiga magoti kumwokotea mkoba. Bibi akamshika bega, akamwinamia sikioni.

"Sasa tumefukuzwa wawili, mwanangu," alisema, akamwegemea ili asimame.