Siku ya Beseni

Fundi cherehani alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi hajavua. Jamani, nani anavaa soksi ndefu kwenye joto lile! Wanawake wa kikundi walikuwa chumbani, wanaume sebuleni, kila upande na beseni lake. Ndivyo walivyofanya Wakristo hao wa Kimennonite kila walipokaribia meza ya Bwana: wanaoshana miguu, mmoja baada ya mwingine, kisha wanakumbatiana.

Mume wa fundi ndiye kiongozi wa kikundi. Mpole, hana makuu, watu wanamsifu mpaka mate yanawakauka. Nyumbani alimchapa mkewe kwa waya wa pasi, na alijua pa kuchapa: miguuni, sketi itafunika. Mjanja wee! Siku ya beseni ikamtoka kichwani kabisa. Alipoikumbuka asubuhi, alimwambia mkewe, "Sema uliungua na uji. Ukisema lingine, utanijua."

Alikuwa anamjua tayari.

"Haya mwanangu, lete mguu," alisema Mama Mikate, mjane mwoka mikate, akipiga magoti huku akiguna. "Hayo ni magoti yanalia, si mimi." Wenzake wakacheka.

Soksi ikateremka. Kicheko kikakatika. Mama Mikate aliteka maji kwa kiganja, akayamwaga polepole juu ya zile alama mbichi, akazipangusa moja moja kwa taulo. Fundi alivuta mguu, maji yakaruka nje ya beseni.

"Uliungua, mwanangu?" Mama Mikate aliuliza kwa sauti ya chini.

Mlango ukagongwa. "Mama watoto," mumewe aliita, sauti tamu kama kawaida yake, "mmemaliza? Twende nyumbani."

Uji ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeutaja tu, labda leo angelala salama. Labda. Alitazama mlango, akamtazama yule mama aliyekuwa bado chini, ameushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema. "Ni yeye. Mama, naogopa kurudi."

Mama Mikate akainuka kwa taabu, akamkumbatia, akambusu shavuni kama desturi yao ilivyo. Kisha akaenda mlangoni, akasukuma komeo kuufunga.

Huko sebuleni, kitasa kikaanza kuzungushwa.