Pampu ya Droo ya Nne

Kila Jumanne asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuleta pampu zao mbovu, binti wa fundi alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa karakana, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri, na kuandika namba ya ombi, 417, kwenye simu. Rejista ya hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, ilifunguka, na chini ya jina la mama yake, fundi mwenyewe, palikuwa na neno moja: Inachunguzwa. Alilisoma kwa sauti. Fundi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, alijibu kwamba hata mtoto huchukua miezi tisa tu, kisha akaendelea na kazi.

Ombi lilikuwa na miezi kumi na minne. Lilihusu pampu ya kukanyaga kwa mguu, isiyotaka umeme wala mafuta, yenye valvu mbili alizozibuni mwenyewe, inayopandisha maji mpaka ghorofa ya tatu. Fundi hakutafuta utajiri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ametengeneza pampu zenye majina ya watu wengine, na hii moja alitaka iwe na lake.

Tangu alipopeleka ombi, mguu wake wa kulia ulikuwa unamchosha. Ulianza saa mbili asubuhi, ukapumzika saa saba mchana kwa saa nzima, ukaendelea mpaka saa kumi na nusu. Jumamosi na Jumapili haukumsumbua, wala sikukuu. Muuguzi aliuchunguza, akasema huo ni mguu wa mtumishi wa serikali, akampa dawa ya kuchua.

Jumanne moja neno likabadilika. Imekataliwa. Barua iliyofuata ilikuwa fupi: pampu si mpya, kwa kuwa ilikuwa inatumika hadharani, ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi ya hataza yenyewe, kabla ombi halijapokelewa rasmi. Binti aliisoma mara mbili. Fundi alinawa mikono, akavaa viatu vya kutokea, wakaenda ofisini.

Kwa miaka mingi maji ya jengo lile yalikuwa hayapandi zaidi ya ghorofa ya kwanza. Lakini kwenye masijala ya ghorofa ya tatu maji yalikuwepo. Droo ya nne ya kabati la chuma ilikuwa imeachwa wazi kidogo, na kwenye ule uwazi maji yalitoka kwa mikupuo, yakaingia kwenye beseni. Watumishi walipanga foleni na madumu yao kwa adabu, wakiulizana hali za nyumbani. Karani wa masijala, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliwaeleza wageni bila kusita kwamba faili la pampu lilipowekwa mle maji yalianza, basi wakamshukuru Mungu na kununua ndoo.

Mchunguzi wa maombi alikuwa mtu mpole, anayeongea kama yuko wodini. Aliwakaribisha viti, akawamiminia chai, akafungua kumbukumbu. Faili lilifika saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo maji yakatoka, na watumishi arobaini na sita wakayatumia. Muhuri wa kupokelea uligongwa saa tano, maana mgonga muhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Kwa hiyo pampu ilitumika hadharani kwa saa moja na dakika arobaini na tano kabla haijaombewa chochote, na kitu kilichokwisha kutumika hakiwezi kuitwa kipya.

Fundi alikitazama kikombe chake.

"Chai hii mmeipika kwa maji gani?"

"Ya droo."

"Kwa hiyo mnajua inafanya kazi."

"Tunajua sana, Mama. Kwenye ripoti nimeisifia. Ndiyo ushahidi wenyewe."

"Na aliyeibuni ni nani?"

"Hilo silo swali lililoletwa mezani kwangu," mchunguzi alisema, akamsogezea sukari.

Binti alisema huo ni wizi uliopigwa muhuri. Mchunguzi hakukasirika. Alieleza kwamba rufaa inaruhusiwa, na kwamba anayeisikiliza ni yeye mwenyewe. Fundi akaomba arudishiwe faili lake. Nyaraka zilizopokelewa hazirudishwi, akaambiwa, ila mwombaji ana haki ya kuzikagua mbele ya karani, bila kalamu na bila kugusa. Fundi alisema atazikagua sasa hivi.

Karani alilitoa faili kwenye droo, akalitandaza juu ya beseni lingine ili meza isilowe. Mchoro ulikuwa ukurasa wa sita. Masharti ya ofisi yalitaka kifaa kionyeshwe kikitumika, na fundi, kwa kukosa wa kumchora, alikuwa amejichora mwenyewe: mwanamke wa wino, kitambaa kichwani, mguu wa kulia juu ya kanyagio. Mwanamke yule alikuwa anakanyaga. Kwapani wino ulikuwa umevuja kwa jasho, na alikuwa amekonda kuliko alivyochorwa. Hakuinua macho.

Fundi alimkagua kuanzia kitambaa mpaka kanyagio. Mwanzoni alimwonea huruma, halafu hasira ikampanda. Arobaini na sita walikunywa, wakaoga, wakaosha magari yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia huyu pole na kazi.

"Mama, nazi haishindani na jiwe," karani alimnong'oneza. "Mwache tu. Amekwisha kuzoea."

"Hakuna aliyemuuliza," fundi alisema.

Hakuigusa karatasi. Aliinama, akasema na mwanamke wa wino kwa sauti ya kumwita mtu aje kula.

"Shuka, dada. Kazi imekwisha."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mwanamke alitoa mguu kwenye kanyagio, akaunyoosha, akakaza kitambaa, akatoka kwa kupitia pambizo ya kushoto. Kwa kuwa alichorwa upande mmoja tu, ngazi alizishuka kiubavu, binti akimshika mkono. Mlinzi wa getini alipekua daftari la wageni, akaona hakuingia, akamwandika kwamba ametoka.

Maji yakakatika. Ofisi iliandika barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilimtaka mwombaji arudishe mtu wa mchoro ndani ya siku sitini. Ya pili ilimfahamisha kwamba hata akimrudisha, uamuzi hautabadilika. Fundi alizitumia zote mbili kufutia grisi. Watumishi wakarudi kupandisha madumu kwa mikono, na kampuni moja kubwa ikaanza kuiuza pampu ileile kwa jina la kampuni, jambo ambalo sheria inaliruhusu, maana kisicho na hataza ni cha kila mtu. Kwenye rejista neno halijabadilika.

Mguu wa fundi umepona. Mwanamke wa wino ana benchi lake karakanani, na wateja wamejifunza kutompitishia chai karibu, asije akachujuka. Pampu inapokamilika, yeye huishika imara, na fundi huchimba jina lake mwenyewe kwenye chuma kwa nyundo na patasi, herufi moja moja. Kisheria jina lile halina maana yoyote. Wanalichimba kwa kina cha nusu sentimita, ili atakayetaka kulifuta aitoboe pampu kwanza.