Projecteur na Madirisha Manne

Mardochée alitamka neno moja tu, projecteur, ile mashine ya kurushia picha ukutani, na mkewe Jeannette akaangusha kijiko ndani ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mardochée akacheka. Alidhani mke anawaza gharama, na wanaume wa aina yake wakishadhani jambo hawaulizi tena.

"Mama Nathalie, njo kitu ya furaha hii! Mutoto anatetea kazi yake Kisangani siku ya posho, saa nane ya muchana. Wataonyesha kwa mtandao. Unataka ukoo muzima uangalie ndani ya telefone?"

Nathalie ni binti yao wa kwanza, na Jumamosi hiyo alikuwa anatetea utafiti wake wa kumaliza masomo ya udaktari. Jeannette alimsomesha kwa cherehani yake, na angekubali kulala njaa mwezi mzima kuliko kukosa kuiona sura ya mwanawe siku hiyo. Mashine haikumtisha. Kilichomtisha ni kile ambacho kila mtu mjini Kindu anakijua kuhusu mashine hiyo, kwamba inataka giza. Jeannette hakai mchana ndani ya chumba kilichofungwa. Sebule yake ina madirisha manne, na yote huwa wazi tangu alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Majirani walimtania kwa kumwita Mama Fenetre, yaani Mama Dirisha, naye aliitika bila kueleza kitu. Hata mumewe, aliyehamia kutoka Punia baada ya vita, hakuwahi kuelezwa.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na treni ikaacha kuja, wenye bunduki walisimika taa kubwa bandarini. Hiyo nayo watu waliiita projecteur. Ilizungushwa juu ya mto Lualaba, kisha juu ya nyumba, na nyumba iliyomulikwa ilitembelewa kesho yake. Baba yake Jeannette akapigilia mbao kwenye madirisha ya nyumba hii hii, wakaishi gizani mchana kutwa wakinong'ona. Jeannette alikuwa na miaka kumi na minne. Siku moja, jua likiwa bado kali, mlango uligongwa. "Njo mimi, Djuma," ikajitambulisha sauti ya jirani yao, fundi wa mitumbwi. Sauti ilikuwa yake kweli, na tundu la kuchungulia halikuwepo. Espoir, kaka yake, akafungua. Nyuma ya Djuma walisimama watu watatu, mmoja amemwekea mtutu mgongoni. Walimchukua Espoir, wakamtwika masanduku ya risasi kuelekea njia ya Lubutu, na hakurudi. Laiti dirisha moja tu lingekuwa wazi, wangewaona mapema. Jambo hilo Jeannette hakulitilia shaka hata siku moja.

Djuma bado anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo, mzee sasa. Tangu siku ile hakugonga tena mlango wao. Akitaka kusalimu husimama barabarani, hupaza sauti kuelekea madirishani, kisha hushika njia yake.

Jeannette na mumewe walikwenda dukani kwa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vyombo vya umeme karibu na stesheni. Mardochée alikuwa ameshajipangia kila kitu.

"Tupe hii ndogo. Skrini hatuhitaji, tutatundika shuka nyeupe. Na mama njo mushonaji, atashona rideau nyeusi za kuziba madirisha."

Jeannette alijiona anashona giza lake mwenyewe kwa mikono yake.

"Sebule iko na madirisha ngapi?" Kambale aliuliza.

"Ine," alijibu Mardochée.

"Na mutayafunga?"

"Hapana!" Jeannette alisema kwa ukali hata akajishtukia mwenyewe.

Kambale alimtazama kidogo, hakucheka. Akatundika shuka karibu na mlango, mahali jua lilipoingia, na pembeni yake skrini ya kijivu. Akawasha mashine ndogo kuelekea shuka. Picha ikatokea imepauka kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi.

"Shuka inapokea mwangaza yote, ya mashine na ya jua, haichagui," alisema. "Hii ya kijivu inawarudishia ninyi mwangaza ya mashine, ile ya jua inaitupa pembeni. Lakini inataka mashine ya nguvu, mwangaza ya lumeni elfu tatu na kupita, ya kukaa chini karibu na ukuta. Na musiitundike ikiangaliana na dirisha."

Akawasha mashine ya pili. Mardochée akakunja uso. "Weusi ya picha si weusi kabisa."

"Ni kweli, papa, siwezi kukudanganya. Ukitaka weusi, funga madirisha. Ukitaka sura ya mutoto tu, hii itakuonyesha."

"Njo hiyo," alisema Jeannette. Mumewe alinung'unika mpaka nyumbani.

Jumamosi sebule ilijaa. Nathalie alipotokea ukutani na koti lake jeupe, watu walipiga vigelegele, na Jeannette akaona hata kovu dogo la kidevuni. Madirisha yalikuwa wazi yote manne. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kindu.

Kisha Odile, dada ya Mardochée, mwanamke asiyeweza kuona kitu bila kukirekebisha, akainuka. "Jua linatuharibia mutoto!" Akafunga dirisha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akasukuma na mlango. Mardochée hakumzuia. Picha ikang'aa kweli, watu wakasema "Aaa!" kwa mshangao, na hilo ndilo lililomuumiza Jeannette zaidi, kwamba giza lilikuwa sahihi.

Alijiambia akae, siku ni ya mtoto. Maneno ya Nathalie hayakumfikia tena. Alisikiliza mlango tu, na aliogopa, aliogopa kama mtoto wa miaka kumi na minne.

Mlango ukagongwa mara tatu.

"Nani?" aliuliza Odile.

"Njo mimi, Djuma."

"Aa, muzee! Nilimwalika asubuhi," alisema Mardochée akiinuka.

"Usifungue!" Jeannette alipaza sauti.

Watu wote wakageuka. Ukutani Nathalie aliendelea kusema peke yake. Jeannette aliruka miguu ya wageni mpaka kwenye dirisha la kando ya mlango. Komeo likamponyoka mara mbili, kisha dirisha likafunguka na jua likampiga machoni.

Djuma alikuwa nje na kiti chake kichwani. Kwa madirisha yaliyofungwa asingesikika kutoka barabarani, na ndiyo maana aligonga. Aliuona uso wa Jeannette. Akarudi nyuma hatua tatu, mahali anapoonekana vizuri, akatua kiti. Akanyoosha mikono mitupu, akageuka polepole ili aonekane mgongo wake na uwanja wote nyuma yake.

"Niko peke yangu, mama," alisema. "Angalia."

Jeannette aliangalia mpaka barabarani. Kisha akafungua dirisha la pili, la tatu na la nne. Picha ikapauka kidogo, lakini Nathalie alibaki ukutani na kovu lake la kidevuni.

Jeannette akaenda mlangoni, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Ingia, papa Djuma," alisema. "Mutoto bado anasema."