Mwisho Ulioandikwa Mbeya

Nyanya alizokuwa akizifuta Esnath kwa pindo la khanga zilitoka shamba lake mwenyewe, lile la bondeni. Siku hizi alizinunua. Aroni, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyemuuzia, tenga kwa tenga, tangu walipomzika Obeid na ukoo ukaamua kuwa shamba haliwezi kubaki mikononi mwa mwanamke aliyekuja na nguo zake tu. Basi la abiria likisimama pale kituoni Ilula, Esnath alijitwika beseni na kukimbilia madirishani pamoja na wachuuzi wenzake. Likiondoka, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika.

Hapo ndipo alipoandikia tamthilia yake. Mjane ananyang'anywa shamba. Mwishoni ndugu wa mume wanamtaka apige magoti aombe radhi, naye anabaki amesimama, anawatazama, hasemi neno, mpaka taa zinazimwa. Akina mama wa usharika waliicheza, na binti yake, Happy, akacheza nafasi ya mjane. Siku hiyo watu walitoka ukumbini bila kusemezana. Aroni hakwenda, lakini aliambiwa.

Kisha habari zikaja kwamba tamthilia imeingia kwenye tuzo za waandishi wanawake, Mbeya. Esnath akashonesha gauni. Kesi yake ya shamba ilikuwa bado iko baraza la ardhi, na moyoni alijiambia kwamba wakubwa wakiiona kazi hii kwa macho yao, hawatashindwa kuelewa.

Waigizaji walitangulia kwa ajili ya mazoezi. Yeye alichelewa, maana mama mkwe alikuwa kitandani na Aroni hakuwa na nafasi ya kumuuguza mama yake. Alipofika ukumbini Mbeya, watu walikuwa wanaingia. Clement, afisa utamaduni aliyesimamia mazoezi, alimpokea mlangoni.

"Karibu sana, mama. Tumeiboresha kidogo."

"Kuiboresha vipi?"

"Pale mwisho. Mgeni rasmi tumwache gizani, kweli? Watu wanataka kurudi nyumbani na matumaini."

"Mwisho ule ni wangu, baba."

"Nani kasema si wako? Jina lako liko palepale." Alishusha sauti. "Wakubwa wanasema inachonganisha familia. Ikienda kama ulivyoandika, inaondolewa. Hapo hata mimi sina la kukusaidia."

Alimwonyesha kiti cha mbele, akaondoka.

Tamthilia ilikwenda kama Esnath alivyoijua, neno kwa neno, na mara kadhaa alijisahau akatabasamu. Ndipo wakaingia ndugu wa mume. Happy akawatazama. Kisha, polepole, akapiga magoti.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilipotoshwa na maneno ya watu. Shamba ni la ukoo."

Ukumbi mzima ulisimama, ukapiga makofi.

Wakamwita jukwaani, Mwandishi Bora Mwanamke, wakampa tuzo ya kioo. Mgeni rasmi akasema huyu ni mama anayejua heshima ya ukoo. Esnath alishika kipaza sauti.

"Mwisho ule," alianza, "mimi sikuuandi..."

"Muda, mama, muda umetubana," mshereheshaji alisema kwa upole, akakichukua mkononi mwake. Muziki ukafunguliwa.

Nyuma ya jukwaa alimkuta Happy anajifuta poda usoni.

"Mama, walisema wataliondoa jina lako kwenye tuzo. Nikaona bora wewe upate."

Esnath aliinama, akampangusa vumbi la jukwaa kwenye magoti.

"Umecheza vizuri," alisema. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Njiani kurudi, basi lilisimama Igawa. Happy alinunua mahindi ya kuchoma, yakapoa mkononi.

Siku ya baraza Aroni alikuja na koti lake la kanisani. Hakuleta shahidi. Alileta simu.

"Waheshimiwa, mimi maneno yangu ni machache. Shemeji amepewa tuzo kwa maneno haya hapa. Kaandika mwenyewe."

Mwenyekiti akaomba sauti iongezwe. Wajumbe wakasogeza vichwa karibu na kioo kidogo cha simu, wakaitazama video ya Mbeya, mjane akipiga magoti.

"Mama Happy, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu. Mwisho sikuuandika mimi."

"Lakini jina lako nimelisoma hapa."

"Ni langu."

"Na tuzo, ulipokea?"

"Nilipokea."

Mjumbe mmoja, mama wa makamo, alijifuta machozi kwa kitambaa. "Inagusa kweli," alisema. "Hebu irudie, baba, pale mwisho."

Aroni akairudisha. Happy, aliyekuwa kwenye benchi kando ya mama yake, aliinuka akatoka nje. Sauti yake ikabaki ndani, ikiomba msamaha.